Kompyuta ya Kituo Inapogoma, Fundi Akiwa Makao Makuu

Kompyuta ya zahanati inapogoma, mgonjwa aliyetoka kijiji cha mbali hubaki kwenye foleni akimsubiri fundi wa TEHAMA asafiri kutoka makao makuu ya wilaya. Si kila mara safari hiyo ni ya lazima.

Kompyuta iliyozimwa, ikiwa ingali na umeme na waya wa mtandao, huweza kuwashwa kutoka mbali. Kadi yake ya mtandao hubaki macho ikisubiri ujumbe maalumu wenye anwani yake ya kipekee iliyorudiwa mara 16. Ikiupokea, huiamsha mashine. Sharti huduma hiyo iwe imeruhusiwa mapema katika mipangilio ya kompyuta.

Kompyuta iliyoganda haijazimika, hivyo ujumbe huo hauisaidii. Fundi hujaribu kuingia kwa njia ya mtandao na kuiagiza ijiwashe upya. Ikishindikana, mtumishi aliyepo hubonyeza na kushikilia kitufe cha kuwashia hadi izime, kisha akaiwasha. Kazi isiyohifadhiwa hupotea.

Watumishi wanakumbushwa kuhifadhi kazi kila mara na, isipokuwa wakati wa radi, kutochomoa nyaya jioni. Waya uliochomolewa humrudisha fundi barabarani na mwananchi kwenye foleni.