Unyevu wa Mvua na Hatari ya Chulebuni katika Mashamba ya Kahawa ya Karatu na Miteremko ya Ngorongoro

Mvua katika wilaya ya Karatu haigawanyiki kwa usawa. Katika bonde la Ziwa Eyasi, lenye mwinuko wa takriban mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mvua ya mwaka huwa chini ya milimita 500. Katika nyanda za juu, chini ya mlima Oldeani na ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mvua hiyo inaweza kuzidi milimita 1,000. Huko juu ndiko inakolimwa kahawa aina ya arabika. Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba penye mvua nyingi ndipo penye ugonjwa mwingi, na kwamba mwaka wa mvua nyingi ndio mwaka wa hasara. Makala hii inafafanua kwa nini hitimisho hilo ni nusu tu ya ukweli, na kwa nini nusu hiyo yaweza kumfanya mkulima apulize dawa wakati usiofaa. Hatari ya chulebuni huamuliwa na mambo mawili: muda ambao buni hubaki zimelowa, na umri wa buni hizo wakati zinapolowa. Katika mazingira ya Karatu, mambo hayo mawili hukutana hasa katika pengo la Januari na Februari, baina ya vuli na masika.

Wazo la kukadiria ugonjwa wa mmea kwa kupima unyevu lilikomaa mapema katika kilimo cha zabibu, na ni vyema kulitazama huko kwanza. Ubwiri vinyoya wa mzabibu uliingia Ufaransa kutoka Marekani na kutambuliwa huko mwaka 1878. Kutokana na hasara iliyofuata, wakulima wa Ulaya walijifunza kuutarajia kwa kanuni ya kumi tatu: joto lisilopungua nyuzi 10 za Selsiasi, mvua ya milimita 10 ndani ya siku moja au mbili, na machipukizi yenye urefu wa sentimita 10. Uzito wa kanuni hiyo umo katika sharti la tatu. Mvua ileile ikinyesha kabla mmea haujafikia hatua ya kuambukizwa haina madhara makubwa. Aidha, zabibu zinatufundisha kwamba si kila kuvu hupenda maji. Spora za ubwiri unga hazihitaji maji ya majimaji ili ziote, na nyingi hupasuka zikizama ndani yake. Mkulima wa Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja na kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, hapumziki na ubwiri unga kwa sababu tu kiangazi kimeingia.

Chulebuni husababishwa na kuvu aitwaye Colletotrichum kahawae. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922, na ukaripotiwa Tanzania mwaka 1964. Tarehe hiyo ya pili ina maana kwa Karatu. Walowezi wa Kijerumani waliofungua mashamba makubwa ya Oldeani kabla ya Vita Kuu ya Pili waliichagua miteremko hiyo kwa ubaridi wake na udongo wake wa volkano, kwa kuwa buni inayoiva polepole hutoa kahawa bora. Adui waliyemjua zaidi alikuwa kutu ya majani, ambayo hupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Chulebuni ni kinyume chake: hustawi penye baridi na unyevu, na husumbua kidogo katika maeneo ya chini yenye joto. Mwinuko uliochaguliwa kwa ajili ya ubora ukaja kuwa mwinuko wa ugonjwa ambao wakati ule haukuwapo nchini.

Spora za kuvu huyu hutokea juu ya vidonda vya buni zikiwa zimeshikana kwa ute. Upepo peke yake hauwezi kuzing'oa. Ni maji yanayouyeyusha ute huo, yakazibeba kuteremka kwenye matawi au kuzirusha kwa matone kutoka buni moja hadi nyingine. Zikishatua juu ya buni changa, huhitaji kulowa kwa muda wa yapata saa tano au zaidi, katika joto la wastani la nyuzi 20 hivi, ili ziote na kupenya ngozi. Dalili huonekana baada ya wiki mbili hadi tatu. Maana yake ni kwamba doa jeusi linaloonekana leo ni kumbukumbu ya mvua ambayo mkulima pengine amekwisha kuisahau, na dawa inayopulizwa baada ya kuliona haiwezi kuifufua buni hiyo.

Hapa ndipo kipimamvua kinapopotosha. Chukua mvua mbili za milimita nane kila moja. Ya kwanza inanyesha saa tisa alasiri, jua linatoka, na kufikia machweo buni zimekauka. Ya pili inaanza saa moja jioni. Usiku ni wa mawingu, hakuna upepo, na buni zinabaki na maji hadi saa tatu asubuhi, yaani muda wa saa kumi na nne. Katika daftari la mvua siku hizo mbili zitaandikwa tarakimu ileile. Kwa kuvu, ya kwanza ilikuwa safari isiyofika na ya pili ilikuwa safari pamoja na malazi.

Ukungu unaongeza ugumu. Hewa yenye unyevu inayovuma kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki na kusini ya Ngorongoro, ikapoa na kugeuka mawingu yanayogusa msitu na mashamba yaliyo jirani nao. Shamba lililo karibu na msitu laweza kulowa asubuhi nzima bila tone moja kuingia katika kipimamvua. Ukungu hulowesha, lakini haurushi matone, hivyo hauenezi spora kama mvua inavyofanya. Hatari hutokea pale manyunyu ya jioni yanapotangulia na ukungu ukafuata, kwa kuwa la kwanza hupanda mbegu na la pili huimwagilia. Hoja hiyohiyo yafaa kutumiwa katika mjadala wa miti ya kivuli. Wako wanaoipinga kwa kuwa kivuli huchelewesha kukauka kwa buni. Hata hivyo, utafiti uliofanyika katika nyanda za juu za magharibi mwa Kameruni ulionesha kuwa buni zilizo chini ya kivuli ziliugua kidogo kuliko zilizo wazi. Huenda ni kwa sababu majani ya juu huvunja nguvu ya matone. Kwa maoni ya mwandishi, kuiondoa migrivea shambani kwa hofu ya chulebuni pekee ni uamuzi wa haraka mno.

Sasa tuingize kalenda. Mkahawa huchanua siku chache baada ya mvua nzuri inayovunja ukame, na kaskazini mwa Tanzania maua mengi hufuata mvua za vuli. Buni huwa katika hatari kubwa zaidi zinapokua kwa kasi, takriban kati ya wiki ya 4 na ya 14 baada ya kuchanua. Baada ya hapo hukomaa na kuwa ngumu, na kuvu hushindwa kuzipenya kwa urahisi mpaka zikaribie kuiva. Buni zilizotokana na maua ya katikati ya Novemba huvuka kipindi hicho kuanzia katikati ya Desemba hadi mwishoni mwa Februari. Masika yanapoanza Machi, huzikuta zimekwisha kujikinga. Kwa hiyo kinachozilinda ni ukavu wa Januari na Februari, na masika mazito yakija baadaye huwa na madhara madogo kuliko yanavyoogopwa. Lakini maua yaliyochelewa, yaliyofunguka kwa mvua ya Februari, huingia katika wiki zao za hatari masika yakiwa yamepamba moto. Mti mmoja unaweza kubeba buni za aina hizo mbili, na zile zinazougua zikawa chanzo cha spora kwa maua yatakayofuata. Ndiyo maana kuchuma buni zote zilizosalia mwisho wa msimu, hata kavu zisizo na bei, ni sehemu ya kinga.

Mwaka unaopaswa kuogopwa, basi, ni ule ambao pengo linazibwa. Mvua za El Niño zilizoanza Oktoba 1997 ziliendelea hadi miezi ya mwanzo ya 1998, zikaunganisha vuli na masika. Utabiri wa msimu unaposema kwamba vuli itakuwa juu ya wastani, unazungumzia jumla. Mkulima wa kahawa anahitaji kuuliza jambo jingine: je, mvua itakatika kabla ya Krismasi?

Swali hilo lina gharama. Mwenye shamba kubwa aweza kupuliza kwa ratiba msimu mzima. Mkulima mdogo, ambaye kahawa yake imechanganywa na mahindi na maharagwe, mara nyingi ana fedha za mpulizo mmoja au miwili. Dawa za shaba, ambazo asili yake ni mchanganyiko wa mrututu na chokaa uliotangazwa na Millardet huko Bordeaux mwaka 1885 kwa ajili ya zabibu, hukinga na haziponyi. Zaidi ya hayo, watafiti nchini Kenya katika miaka ya 1960 waligundua kwamba miti iliyopulizwa shaba na kisha kuachwa iliweza kupata chulebuni kuliko ile ambayo haikuguswa kabisa. Mojawapo ya maelezo ni kwamba dawa huua pia vijidudu vinavyoshindana na kuvu huyo. Mpulizo mmoja wa masika, unaofanywa kwa mazoea kwa sababu mvua inaonekana kubwa, unaweza kuwa fedha iliyopotea na madhara juu yake. Mpulizo huohuo ukifanywa wiki ya nne baada ya kuchanua, mbele ya Januari yenye mawingu, una nafasi ya kuokoa zao.

Aina za zamani za N39 na KP423, zilizochaguliwa katika kituo cha Lyamungu, hazina ukinzani dhidi ya chulebuni. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania imetoa tangu mwaka 2005 aina chotara zinazokinzana na chulebuni pamoja na kutu ya majani, na mikahawa ya zamani yenye mizizi imara yaweza kubebeshwa aina hizo badala ya kung'olewa. Kwa mashamba ambayo bado yana miti ya zamani, kipimo cha gharama ndogo kuliko vyote ni daftari lenye safu tatu: tarehe ya kuchanua, saa ambayo mvua ilianza, na saa ambayo buni zilionekana zimekauka.