Kutu imetoboa bodi ya gari? Tundu hili zibeni nyumbani, lile mwachieni fundi wa kuchomelea

Huwa inaanza kidogo tu. Rangi juu ya tairi la nyuma inavimba kama kipele. Siku moja mwenye gari anabonyeza kwa kidole, na kidole kinazama. Hapo bati limeshaliwa, maana kutu ya bodi mara nyingi huanzia ndani na kutokea nje ikiwa imeshamaliza kazi.

Kwa nini magari ya pwani yanaliwa zaidi?

Chuma kinahitaji maji na hewa tu ili kishike kutu. Chumvi inaharakisha mambo. Ndiyo maana gari linaloishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam huchakaa bodi upesi kuliko la Dodoma, kwenye ukavu.

Kutu hupenda mahali maji yanapokwama: ndani ya madigadi penye tope, chini ya milango ambako vitundu vya kutolea maji vimeziba, na chini ya kapeti la sakafu.

Kwanza angalia tundu liko wapi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Bati la nje la mlango au la digadi kazi yake kubwa ni kufunika. Tundu la hapo mtu anaweza kuliziba mwenyewe nyumbani.

Lakini magari mengi madogo hayana chasisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Mihimili iliyo chini ya milango, sehemu ya kuwekea jeki, sehemu ya kufungia shokapu na pale mkanda wa usalama ulipofungwa, zote zinabeba uzito. Kuziba huko kwa puti ni kujidanganya. Gari likigongwa, puti haishiki kitu. Inatakiwa kukata na kuchomelea bati jipya, na hiyo ni kazi ya fundi.

Chukua bisibisi, chokonoa kandokando ya tundu mpaka ukutane na bati gumu. Usishangae tundu la ukubwa wa shilingi likageuka la kiganja.

Hatua za kuziba tundu la bati la nje

1. Kata bati lote lililooza. Kwangua rangi kuzunguka tundu, sentimita 3 hadi 5, mpaka chuma king'ae. Vaa miwani na barakoa, vumbi lake si la kuvuta.

2. Paka dawa ya kutu kwenye vijishimo ambavyo brashi ya waya haifiki. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo.

3. Gonga ukingo wa tundu uingie ndani kidogo, kisha weka kitambaa cha faiba na gundi yake. Puti haiwezi kukaa hewani, lazima iwe na kitu cha kuegemea. Ikiwezekana, bandika faiba kwa nyuma.

4. Changanya puti na kigandishi chake, takriban gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Kwenye joto huganda ndani ya dakika chache, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Paka tabaka jembamba, milimita 2 au 3 zinatosha.

5. Piga msasa mkavu, namba 80 kisha 180. Usitumie maji hapa, kwa sababu puti hunyonya maji na kuyapeleka moja kwa moja kwenye chuma. Ikishakuwa laini, paka praima siku hiyohiyo, kisha rangi.

6. Rudi nyuma ya bati. Pulizia nta ya kuzuia kutu na zibua vitundu vya maji. Ukiruka hatua hii, kipele kitarudi palepale.

Ukimpelekea fundi wa kuchomelea

Hakikisha betri imechomolewa na kapeti limetolewa kabla cheche hazijaanza kuruka. Karibu na tangi au mipira ya mafuta, kazi isianze mpaka vitolewe. Bati lililopakwa zinki nalo hutoa moshi wenye madhara, hivyo likwanguliwe kwanza na kazi ifanyike penye hewa.

Unanunua gari la mkononi? Beba sumaku

Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa hushika bati la chuma vizuri. Ikifika kwenye puti nene, inalegea au inaanguka. Kwenye digadi, hiyo ni sababu ya kuomba punguzo. Ikianguka kwenye muhimili wa chini ya mlango, usilipe hata senti kabla fundi hajaingia chini ya gari na kuangalia.