Japani: Kituo kidogo cha treni kilichobomolewa kikarudi baada ya miaka 14

Kila asubuhi, wafanyakazi na wanafunzi wa mji wa Kunitachi, magharibi mwa Tokyo, hupita mbele ya nyumba ndogo ya mbao yenye paa jekundu la pembe tatu kabla ya kupanda treni kuelekea katikati ya jiji. Nyumba hiyo haiuzi tena tiketi. Lakini wakaaji hawakukubali ipotee.

Kituo cha Kunitachi kilifunguliwa tarehe 1 Aprili 1926 kwenye njia ya reli ya Chuo. Wakati huo, eneo hilo lilikuwa pori na mashamba. Kampuni moja ya viwanja ilitaka kujenga hapo mji wa chuo kikuu, kwani tetemeko la ardhi la mwaka 1923 lilikuwa limeharibu sehemu kubwa ya Tokyo, na chuo cha biashara, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Hitotsubashi, kilihitaji mahali pengine. Kampuni hiyo ndiyo iliyojenga kituo, kisha ikakikabidhi kwa serikali.

Hata jina la mji lilitoka kwenye reli. Kituo kilikuwa katikati ya Kokubunji na Tachikawa, basi ikachukuliwa herufi moja ya kila upande, zikaunganishwa: Kunitachi.

Kwa miaka 80, paa lile jekundu liliwapokea wasafiri. Shida ilianza pale treni zilipozidi kuwa nyingi. Kati ya Mitaka na Tachikawa, barabara zilikatiza reli katika sehemu 18, na vizuizi vilifungwa muda mrefu saa za asubuhi. Magari, baiskeli na watembea kwa miguu walibaki wakingoja. Viongozi waliamua reli ipandishwe juu ya nguzo. Nyumba ya kituo ilikuwa ndani ya eneo la kazi, ikabidi iondoke.

Wakaaji wakasema hapana. Kwao, kituo hicho kilikuwa uso wa mji. Haikuwezekana kuzuia kazi za reli, lakini manispaa ilipata njia nyingine: mwaka 2006 ilikitangaza kituo kuwa mali ya utamaduni wa mji. Oktoba mwaka huo nyumba ilifunguliwa ubao kwa ubao, na mbao zikawekwa ghalani.

Kungoja kulikuwa kurefu. Reli mpya ilikamilika, vizuizi vyote 18 vikaondolewa, na mbao bado zilikuwa ghalani. Manispaa ililazimika kununua kiwanja kutoka kampuni ya reli na kutafuta pesa, zikiwemo zilizochangwa na watu wa kawaida.

Aprili 2020, nyumba ilisimama tena karibu kabisa na mahali pake pa zamani, ikitumia sehemu kubwa ya mbao zilezile. Sasa ni mahali pa kupata habari za mji, kuona maonyesho na kukutana.

Mwaka huohuo, kituo cha mbao cha Harajuku, kilichojengwa 1924 katikati ya Tokyo, kilianza kubomolewa. Kunitachi walikuwa wamejifunza kwamba maendeleo ya reli na kumbukumbu ya mji vinaweza kuishi pamoja, ila mtu lazima akubali kulipa gharama na kungoja.

Jioni, treni zinapowarudisha watu nyumbani, wengi bado huagana na marafiki chini ya paa lile jekundu.