Mizinga Inazuia Ndovu? Jinsi ya Kulinganisha Shamba na Shamba

Mkulima wa Sagalla anayepanda mahindi na pojo karibu na mpaka wa Tsavo Mashariki hujiuliza swali moja kabla ya mvua za vuli: je, azungushe shamba mizinga ya nyuki? Jirani mmoja atamwambia kwamba tangu aweke mizinga ndovu hawajaingia. Mwingine pia alikuwa nayo, na mahindi yakaliwa usiku mmoja. Wote wawili wanasema kweli, lakini hakuna aliyemjibu.

Kupata jibu kunahitaji makundi mawili. Mwaka wa 2007, mtafiti Lucy King na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika hifadhi za Samburu na Buffalo Springs. Familia 17 za ndovu waliopumzika chini ya miti zilichezewa sauti ya nyuki waliochokozwa. Familia 15 zilichezewa kelele tupu, kama ya redio isiyoshika stesheni. Ndani ya sekunde 80, familia 16 kati ya 17 zilizosikia nyuki zilikuwa zimeondoka. Zilizosikia kelele tupu, ziliondoka 4 kati ya 15.

Hizo 4 ndizo muhimu. Zinaonyesha kwamba ndovu wengine huondoka hata bila nyuki, na asiyekuwa na kundi la pili angewahesabia nyuki sifa isiyo yao.

Lakini huenda ilikuwa bahati tu? Hapa ndipo wanatakwimu huanza kwa kumpa mpinzani nafasi. Tuseme sauti ya nyuki haina nguvu yoyote, na mara zote 20 familia zilipoondoka, zingeondoka vyovyote vile. Andika vikaratasi 32, 20 vikiwa na neno “ondoka”, uvichanganye kwenye kofia, kisha uchote 17 bila kutazama. Ni mara ngapi utapata “ondoka” 16 au zaidi? Tumepiga hesabu: takriban mara 1 katika kila 9,500. Mtu anaweza kuendelea kuiita bahati, ila atakuwa anashikilia jambo gumu kuamini.

Sasa punguza ukubwa hadi kijijini. Chukua mfano wa kubuni: mashamba 10 yenye mizinga, 3 yakavamiwa, na mashamba 10 yasiyo nayo, 6 yakavamiwa. Ukisikia barazani kwamba “mizinga imepunguza uvamizi kwa nusu”, utapiga makofi. Rudia mchezo wa kofia, na bahati peke yake inatoa tofauti kama hiyo au kubwa zaidi upande wa mizinga karibu mara 1 katika kila 5. Hapo hatujathibitisha kitu. Wala hatujathibitisha kwamba mizinga haifai, na kosa hili la pili hufanywa sana.

Ndiyo maana pamoja na jaribio hutolewa mipaka ya uhakika, yaani kiwango cha chini na cha juu ambacho tofauti halisi inaweza kuwa kati yake. Kwa kawaida mipaka huwekwa kwa njia ambayo, ikitumiwa mara nyingi, hunasa ukweli mara 95 katika 100. Kwa mashamba yetu 20 mizinga inaweza kuwa imepunguza uvamizi kwa pointi 60 za asilimia, au hata kuuongeza kwa pointi 12. Yangekuwa mashamba 100 kila upande kwa uwiano uleule, yaani 30 na 60 yaliyovamiwa, mipaka ingebana hadi kati ya pointi 16 na 42. Kwa jaribio la Samburu ni kati ya 35 na 84: athari ipo, ila ukubwa wake haujulikani kwa karibu.

Na Sagalla kwenyewe? Utafiti wa miaka tisa uliochapishwa mwaka wa 2024, katika vijiji vya Mwakoma na Mwambiti, ulihesabu karibu ndovu 4,000 waliokaribia mashamba yenye uzio wa mizinga. Takriban robo tatu walizuiwa, na katika misimu ya mazao ilifika hadi asilimia 86.3. Ni habari njema, lakini isomwe kwa uangalifu. Mara nyingi ndovu hawaji mmoja mmoja. Kiongozi akigeuka, familia nzima hugeuka, kwa hiyo ndovu 12 wa kundi moja si ushahidi mara 12. Watafiti wa 2007 walihesabu familia kwa sababu hiyohiyo. Tena mzinga usio na nyuki ni sanduku tu: baada ya ukame wa 2017 nyuki walipungua sana mizingani, na uzio ukapoteza nguvu.

Mwenye mizinga anaweza kuanza msimu huu kwa daftari. Kila usiku ndovu wakija, andika tarehe, makundi mangapi, waliingia au waligeuka, na mizinga mingapi ilikuwa na nyuki. Kisha mwombe jirani asiye na mizinga, mwenye shamba linalopakana na mbuga kama lako, aandike vilevile. Shamba la katikati ya kijiji halifai kulinganishwa na lako, maana ndovu hufika kwako kwanza. Andika pia usiku ambao uzio ulishindwa.