Maradhi ya Misuli na Nasaba ya Upande wa Mama

Katika vijiji vya Mbekenyera, wilayani Ruangwa, ambako Wamwera tangu zamani wamehesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba akawa na kauli kubwa juu ya wana wa dada yake, iko ilimu ya nasaba ambayo tabibu aliyeletewa mtoto wa kiume mwenye udhaifu wa miguu hana budi kuiulizia mapema.

Mtoto huyo ana umri wa miaka minne au mitano, naye alichelewa kutembea. Akiwa ameketi mkekani hainuki kwa mara moja: hujigeuza kifudifudi, hujiinua kwa mikono na magoti, kisha hushika goti, halafu paja, akijisukuma kwa viganja mpaka asimame wima, na vigimbi vyake ni vinene hata watu humsifu nguvu, ilhali unene huo aghalabu ni wa mafuta na makovu. Maradhi haya, yaitwayo kwa jina la Duchenne, tabibu wa Kifaransa aliyeyaeleza katika miaka ya 1860, hutokana na kukosekana kwa protini ya distrofini, iliyotambuliwa mwaka 1987, ambayo huushikiza utando wa uzi wa msuli usichanike kila msuli unapojikaza. Ikikosekana, nyuzi hufa, mwili ukaunda nyingine, nazo zikafa, hata uwezo wa kuunda ukaisha. Na katika hadubini huonekana nyuzi nono kando ya zilizosinyaa, na baina yake mafuta na makovu yaliyotwaa mahali pa msuli. Wengi huacha kutembea kabla ya miaka 13, kisha udhaifu huufikia moyo na misuli ya pumzi.

Jeni ya distrofini imo katika kromosomu X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mamaye tu. Basi huulizwa: yuko mjomba, au mwana wa mama mdogo, aliyelemaa utotoni akafariki kijana? Wazee wa ukoo wa mama ndio wenye jawabu. Hata hivyo, kwa takriban thuluthi moja ya watoto hawa kosa la jeni huwa limezuka upya, na kwa hiyo ni dhuluma kumtwika mama lawama, au kumsingizia jirani uchawi.

Dawa ya kuponya kabisa haijapatikana. Prednisoloni huongeza muda wa kutembea, na kunyoosha vifundo kila siku, kazi ambayo mzazi aliyefundishwa huifanya nyumbani, huchelewesha kukakamaa. Dada za mtoto nao waelezwe wakikua, kwani kwa binti aliyeibeba jeni hiyo yenye kosa, kila mwana wa kiume atakayemzaa ana nusu ya uwezekano wa kuugua, na moyo wa binti mwenyewe wapaswa kupimwa.