Damu Yetu Katika Majarida ya Kigeni

Anayetaka kuupima uzito wa mtafiti wa tiba huitazama orodha ya maandishi yake. Kwa siku kadhaa nimekuwa nikiipitia ya marehemu Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyelelewa Gilgil, akafariki mwaka wa 2014. Ni orodha ndefu, na sehemu yake kubwa yahusu damu na kinga ya mwili. Kila nilipozidi kusoma, swali moja lilinikera: ni nani huku kwetu Kisii na Nyamira aliyewahi kuelezwa yaliyomo humo?

Mwaka wa 1949, angali mwanafunzi wa Oxford, Allison alizunguka Kenya akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aligundua kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba chembe ya urithi ya selimundu, ilhali katika baadhi ya sehemu za nyanda za juu hakupatikana hata mmoja katika kila 100. Akashuku malaria. Mnamo 1954 akachapisha ushahidi wake katika British Medical Journal. Kati ya watoto 290 aliowapima karibu na Kampala, waliobeba chembe hiyo walikuwa 43, na 12 tu kati yao walikuwa na vijidudu vya malaria. Kati ya wale wengine 247, walioambukizwa walikuwa 113.

Makala hayo yana jambo jingine ambalo nililisoma mara mbili. Wanaume 30 Waluo walitiwa malaria makusudi, nusu yao wakiwa na chembe hiyo na nusu hawana. Wasio nayo waliugua 14; wenye nayo, wawili. Mtafiti alipata sifa duniani, na alistahili. Wale thelathini ni nadra kutajwa.

Sasa, yatuhusu nini sisi wa milimani? Yatuhusu sana. Baridi ya milima yetu ilimzuia mbu kwa muda mrefu, na mwili hujijengea kinga dhidi ya malaria kwa kuambukizwa mara kwa mara. Ndiyo sababu milipuko ya miaka ya 1990 ilipozikumba Kisii, Gucha na Nyamira, haikuwaangusha watoto peke yao. Hata watu wazima wenye nguvu zao walilazwa. Na kwa kuwa chembe ya selimundu ilikuwa adimu zaidi huku kuliko ziwani, tulijizoesha kusema kwamba huo ni ugonjwa wa majirani.

Hiyo ni faraja ya uongo. Tumeuziana ng'ombe na nafaka Sondu, Oyugis na Rongo tangu zama za mababu, na tumeoana. Mwenye chembe moja huwa mzima, asijue kitu. Wakikutana wawili wa aina hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumleta mtoto mgonjwa: vidole vimevimba, macho ya manjano, maumivu ya mifupa yanayozidi msimu wa baridi. Naijua boma moja Nyamira, ambayo jina lake nalisitiri, ambamo mama wa mtoto kama huyo alitupiwa lawama na wakweze kwa miaka mingi, akiambiwa ameleta mkosi. Hapana aliyewaambia kwamba mwana wao alikuwa amechangia nusu kamili.

Baadaye Allison aligeukia kinga ya mwili. Yeye na mkewe Elsie Eugui ndio walioanzisha matumizi ya dawa ya mycophenolate mofetil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1995 kuuzuia mwili usiikatae figo ya kupandikizwa, na ambayo leo hupewa pia wagonjwa wa lupasi. Dawa hiyo ilitoka katika karatasi hadi madukani. Elimu ya selimundu nayo imesafiri mwendo wa kobe, ingawa imetangulia kwa miaka arobaini.

Ninachokitaka si hospitali mpya. Kila mtoto anayezaliwa katika kaunti hizi mbili atolewe tone la damu kisiginoni, na jibu liandikwe katika kadi yake ya kliniki kwa lugha anayoisoma mama. Akipatikana na ugonjwa, aanzishiwe penisilini mapema pamoja na chanjo, kabla homa ya kwanza haijamfikia. Na baba aitwe chumbani aelezwe, mkewe akisikia.