Fizi za Mama na ile sukari yake

Kwenye kipindi kilichopita niliteleza nikasema "nyama za meno", na Mama akasikia. "Inaitwa ufizi, mwanangu. Zikiwa nyingi, fizi." Haya, Mama. Basi leo ni habari ya fizi, na zake hasa.

Mama ana sukari, mwaka wa tisa huu. Tunaishi London na kwenye miadi yake yote mkalimani ni mimi. Wanampima miguu, wanampiga picha macho, wanamuuliza anakula nini. Kinywa? Hakuna aliyewahi kuuliza. Na mi nilikuwa naona kila asubuhi: akimaliza kupiga mswaki, sinki lina michirizi ya damu. Nikimwambia, jibu ni lile lile. "Fizi za kwetu ndivyo zilivyo. Hata bibi yako zikimtoka damu."

Siku daktari alipotaja sindano za insulini, Mama alinyamaza njia nzima kwenye basi. Usiku ule nikakaa kusoma.

Iko hivi. Ukoga ukikaa kwenye meno unajaa bakteria, na wengine wanashuka chini ya ufizi, pale mswaki haufiki. Mwili unapigana nao miaka na miaka. Ufizi unavimba, unaachana na jino, mfupa unaliwa taratibu, na mara nyingi huumwi hata kidogo, ndiyo maana watu hawashtuki. Ila vita hivyo havibaki mdomoni. Kemikali za uvimbe zinaingia kwenye damu na kuifanya insulini isifanye kazi sawasawa, kwa hiyo sukari inapanda. Sukari ikipanda, fizi nazo zinashindwa kujikinga. Zinachocheana.

Na si maneno tu. Hapa hapa London, watafiti wa UCL walichukua watu 264 wenye kisukari cha aina ya pili na fizi mbovu. Kundi moja lilisafishwa kwa kina chini ya fizi, wengine hata wakafanyiwa upasuaji. Kundi la pili lilisafishwa juu juu. Matokeo yalitoka 2018: baada ya miezi 12, kipimo cha sukari cha kundi la kwanza kilikuwa chini kwa asilimia 0.6 kuliko cha wenzao. Hapo ni kama umeongezewa dawa ya pili.

Utasikia pia kwamba fizi zinaleta ugonjwa wa Alzheimer. Hapo polepole. Mwaka 2019 watafiti walisema wamekuta alama za bakteria wa fizi, Porphyromonas gingivalis, kwenye ubongo wa wagonjwa waliofariki. Lakini dawa ya kuzima sumu zake ilijaribiwa, na 2021 ikaonekana haikuzuia kumbukumbu kupotea. Hilo sikumwambia Mama.

Nikampeleka kwa daktari wa meno. (Jueni tu: England, anayetumia dawa za sukari anapewa dawa bure, ila cheti kile hakilipii meno. Sisi tuliligundua mapokezini.) Tulienda mara nne, ganzi kila mara, na Mama kanuna kila mara.

Miezi mitatu baadaye kipimo kilishuka kutoka 74 hadi 67. Siwezi kuapa ni fizi, maana alibadilishiwa vidonge pia. Sindano zimeahirishwa, na sinki ni jeupe. Juzi nikamsikia kwenye simu na mdogo wake aliyeko Mombasa: "Damu hiyo si ya ukoo, wee! Nenda ukasafishwe."